Resho ya wati 1500 inayoshindwa na maharagwe jioni

Majibu ya Papa Fundi kwa wasomaji wa Bukavu

Swali. Papa Fundi, jambo sana. Nilinunua resho mpya (jiko la umeme la koili), chini yake imeandikwa 220 V, 1500 W. Asubuhi mapema nikiweka maji ya chai yanachemka haraka. Jioni saa moja naweka maharagwe, na hata saa nne usiku bado ni magumu, koili ina wekundu wa kufifia tu. Nimeirudisha kwa muuzaji mara mbili. Kila mara anaichomeka asubuhi mbele ya macho yangu, inawaka vizuri, halafu tunagombana. Jirani mwenye mita alipima prizi yangu: asubuhi alipata 212, jioni 158. Je, nimeuziwa kitu kibaya? Na nikinunua ya wati 2000, itafaa? *(Mama mkaaji wa Kadutu)*

Jibu. Mama, muuzaji hakukuibia. Nakuomba mrudi mkasalimiane, kwa sababu resho yako ni nzima, na namba mbili alizopima jirani yako zinatosha kuonyesha hivyo.

Yale maandishi ya chini ni ahadi yenye sharti. Resho inasema: nipe volti 220, nitakupa wati 1500. Ukiipa pungufu, nayo inatoa pungufu. Ndani yake hakuna ufundi mwingi. Kuna waya wa nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromu, uliokatwa kwa urefu fulani na unene fulani kule kiwandani, ukazungushwa. Urefu na unene huo ndio unaoamua jinsi waya unavyoubania umeme usipite ovyo. Kubania huko tunakuita ukinzani, na tunakupima kwa omu. Koili yako haijui kama ni asubuhi au jioni. Ukinzani wake ni uleule.

Tuutafute. Shuleni kwetu tuliandika sheria ya Ohm, U = R × I: volti ni omu mara ampea. Tena P = U × I: wati ni volti mara ampea. Ukiziunganisha hizo mbili unapata njia fupi: chukua volti, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa wati, unapata omu. 220 mara 220 ni 48,400. Gawanya kwa 1500, unapata omu 32.3. Andika namba hiyo kwa chaki ukutani karibu na prizi, tutaitumia hadi mwisho.

Asubuhi, volti 212. Gawanya kwa 32.3, mkondo ni ampea 6.56. Zidisha 212 kwa 6.56, unapata wati 1,391. Hiyo ni karibu sana na ahadi, na chai inachemka.

Jioni, volti 158. Gawanya kwa 32.3, unapata ampea 4.89. Zidisha 158 kwa 4.89: wati 773.

Tazama vizuri hapo, mama. Volti zimepungua kwa robo tu, lakini joto limepungua karibu nusu. Watu wengi wananikatalia nikiwaambia hivi. Wanadhani volti zikipungua robo, na moto unapungua robo. Sababu ni kwamba kupungua kunaingia mara mbili katika hesabu: volti zenyewe zimeshuka, na kwa kushuka kwake zimeshusha mkondo pia. Mbili zilizopungua ukizizidisha, jibu linaanguka zaidi.

Utaniuliza: kama joto ni nusu, mbona maharagwe hayaivi kwa muda maradufu tu, bali yanalala magumu? Ni kwa sababu sufuria nayo inapoteza. Sufuria kubwa isiyo na kifuniko inatoa mvuke juu na joto ubavuni, na hasara hiyo haipungui eti kwa vile umeme ni hafifu. Tuseme sufuria yako inapoteza wati 500 maji yakikaribia kuchemka. Asubuhi zinabaki 891 za kusukuma maji juu. Jioni zinabaki 273. Hapo tofauti si nusu tena, ni zaidi ya mara tatu. Ongeza na mlima wetu: ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Kadutu iko juu ya ziwa, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Maharagwe ya Bukavu yanahitaji muda mrefu kuliko ya mtu wa pwani hata moto ukiwa mzuri. Ndiyo maana kifuniko kizito na kuloweka tangu asubuhi vinakusaidia kuliko resho nyingine.

Sasa, volti 62 zilizopungua kutoka 220 zimekwenda wapi? Hazikupotea hewani. Zimebaki njiani, ndani ya waya. Kutoka kabini (kibanda cha transfoma) hadi nyumbani kwako kuna waya mrefu, na waya huo nao una ukinzani wake, mdogo, lakini upo. Saa moja jioni kila nyumba inawasha resho, pasi, ampulu za taa. Mkondo wa wote unapita kwenye waya uleule, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo waya unavyojibakizia volti nyingi. Mwenye nyumba karibu na kabini anapata 200, wewe wa chini kabisa unapata 158. Kwa sehemu yako peke yako, 62 mara 4.89, wati 303 zinapasha joto waya wa barabarani.

Kuhusu resho ya wati 2000: 48,400 gawanya kwa 2000 ni omu 24.2. Kwa volti 158 ingevuta ampea 6.53 na kutoa wati 1,032. Inaonekana ni nafuu, lakini kwa kuvuta zaidi itashusha volti zako chini ya 158, basi hata hizo 1,032 hutazipata zote. Na usiku wa manane, volti zikirudi 220, itavuta ampea 9.1 kupitia waya wa nyumba ambao sijauona. Majirani wakiiga, mtaa mzima unashuka. Sikushauri.

Kuna jambo moja ningefanya kwanza. Mwite fundi jioni, resho ikiwa inawaka, apime mahali pawili: kwenye konteri (mita ya umeme ya nyumba) na kwenye prizi yako. Kama konteri inaonyesha 160 na prizi 158, tatizo ni la mtaa, na dawa yako ni kupika alfajiri. Lakini kama konteri inaonyesha 175, basi volti 17 zinaliwa ndani ya nyumba yako mwenyewe: waya mwembamba, au muungo mbovu nyuma ya ukuta. 17 mara 4.89 ni wati 83 zinazochoma mahali usipopaona. Hiyo inatengenezeka, na lazima itengenezwe, hata kama maharagwe yangekuwa yanaiva.

Swali. Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa ufundi, Bagira. Nilichukua ampulu ya zamani ya waya, 60 W, 220 V. Kwa hesabu nilipata omu 807. Nilipoipima kwa mita nikaona 61. Wenzangu wanasema sheria ya Ohm ni ya daftarini tu. Kosa liko wapi? *(Mwanafunzi wa Bagira)*

Jibu. Mwanangu, swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu umepima badala ya kunakili. Hesabu yako ni sahihi. Kipimo chako ni sahihi pia. Ulipima ampulu iliyolala na ukaifanyia hesabu ampulu iliyoamka.

Ndani ya ampulu ile kuna uzi wa tangsteni. Ukiwa baridi mkononi mwako, una omu 61. Ukiwaka unafika karibu digrii 2,400, na katika joto hilo ukinzani wa tangsteni unapanda zaidi ya mara kumi. Zidisha 61 kwa 13, uone unafika wapi. Hapo ndipo utaelewa pia kwa nini ampulu hizo huungua wakati ule ule wa kuwasha: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, uzi ukiwa bado baridi, 220 gawanya kwa 61 ni ampea 3.6 zinazoingia, wakati ikiwaka kawaida inatumia 0.27 tu. Uzi uliochakaa haustahimili pigo hilo.

Mama wa Kadutu hapo juu nilimwambia koili yake haibadiliki. Kwa nikromu hilo ni kweli kwa matumizi ya jikoni: ikiwa nyekundu, ukinzani wake unapanda kwa asilimia chache tu, ndiyo maana watengenezaji wa resho waliichagua. Pima resho ikiwa baridi, utapata 31 au 32, karibu sawa na hesabu. Kwa hiyo waambie wenzako: sheria ni nzima, ila ukinzani unaouweka ndani yake uwe wa hali ile ile unayoizungumzia. Georg Ohm mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa sekondari huko Köln, Ujerumani, alitaabika kwanza na betri ambazo nguvu yake ilikuwa ikiyumba, hadi alipopata chanzo kilichotulia kwa kutumia tofauti ya joto kati ya metali mbili. Kitabu chake kilitoka 1827 na wengi hawakukipokea vizuri. Medali ya heshima ya Uingereza ilimfikia 1841. Alishinda kwa kupima kwa uvumilivu, kama wewe.

Ukitaka kuona ukinzani ukipanda kwa macho yako, usitumie ya ukutani. Chukua ampulu ndogo ya tochi ya zamani, ile ya uzi, inayotumia betri mbili. Ipe betri moja, pima volti kwenye ampulu, kisha pima mkondo kwa kuipitisha mita njiani. Gawanya. Halafu ipe betri mbili, gawanya tena. Omu za pili zitakuwa kubwa. Chora kwenye karatasi ya miraba, mstari utapinda. Ukijaribu na ampulu za kisasa za LED hesabu hii itakuchanganya, kwa kuwa hizo hazina ukinzani mmoja wa kudumu. Tutazishughulikia siku nyingine.

Na tafadhali, mwanangu, kabla ya kuweka mita kwenye omu, chomoa kitu hicho kabisa. Nilipokuwa mwanagenzi, na umri kama wako, nilisahau kuzungusha kitufe na nikaingiza ncha za mita kwenye prizi yenye umeme nikiwa bado kwenye omu. Mita ililia paa mkononi. Ngozi ya kidole changu cha shahada bado ina alama nyeupe upande mmoja, na kila nikizungusha kitufe cha mita naitazama alama hiyo kwanza.

Swali. Nina konjelateri (friji ya kugandisha) ya kuhifadhi sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Volti zikishuka, si itatumia umeme mdogo kama resho? Basi kwa nini fundi ananiambia niizime? *(Muuza samaki, karibu na ziwa)*

Jibu. Msikilize fundi wako. Konjelateri ina mota, na mota haifuati hesabu ya koili. Mota ina kazi ya kukamilisha: kuusukuma gesi ndani ya bomba. Volti zikipungua, inajaribu kufanya kazi ileile kwa kuvuta mkondo zaidi. Zikishuka sana inashindwa hata kuanza kuzunguka, inabaki inanguruma mahali pamoja huku mkondo mkubwa unapita, na waya zake za ndani zinaungua ganda. Ukisikia inanguruma kisha inalia tak na kunyamaza, halafu inarudia baada ya dakika chache, chomoa. Nunua regulateri inayokata umeme yenyewe volti zikishuka na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha. Sambaza zilizofungwa vizuri kwenye barafu zitakaa hadi asubuhi mlango usipofunguliwa.

Swali. Papa Fundi, nina saluni Nyawera. Ralonji moja (waya wa kurefusha umeme) inabeba kaski ya kukaushia nywele ya wati 1000 na seshwari, ile ya kukaushia kwa mkono, ya wati 2000. Plagi inakuwa ya moto hadi siwezi kuishika, na plastiki imeanza kuwa kahawia. Lakini dijonkteri yangu (swichi inayojikata mkondo ukizidi) ya ampea 25 haijawahi kuanguka, kwa hiyo nadhani hakuna hatari. Ni kweli? *(Mwenye saluni)*

Jibu. Dada yangu, barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimekaa, ya pili nikiwa nimesimama. Chomoa ralonji hiyo leo, kabla ya kumaliza kusoma.

Wati 3000 gawanya kwa volti 220 ni ampea 13.6. Dijonkteri yako inangoja ampea 25. Kwa upande wake hakuna kilichoharibika, na itaendelea kunyamaza hata saluni ikijaa moshi. Kazi ya dijonkteri ni kulinda waya uliopimwa pamoja nayo, na ralonji za bei ndogo zinazouzwa kwetu mara nyingi zina waya wa milimita za mraba 0.75, ambao haufai kupitisha zaidi ya ampea 6 hivi. Wewe unaupitishia zaidi ya mara mbili.

Lakini kahawia uliyoiona kwenye plagi inatoka mahali padogo zaidi ya waya. Nilifungua plagi kama yako mwezi uliopita, ya mteja mwingine. Skrubu ilikuwa imelegea zamu moja tu. Kati ya nyuzi kumi na kitu za shaba, nne ndizo zilizokuwa zimeshikwa. Zilizobaki zilikuwa zimekatika na kuwa nyeusi, na ile shaba ya karibu na skrubu ilikuwa na rangi ya zambarau kama ini. Pua ilinusa samaki aliyeoza. Harufu hiyo ni plastiki inayoungua polepole. Ukiisikia nyumbani bila samaki, tafuta prizi.

Muungo uliolegea namna hiyo unaweza kuwa na omu 0.3 tu. Mtu anasema: 0.3 ni kitu gani mbele ya omu 32 za resho? Hapa kuna hesabu ya tatu, aliyoionyesha Mwingereza James Joule mwaka 1841: joto linalotokea kwenye ukinzani ni mkondo mara mkondo mara omu. 13.6 mara 13.6 ni 185. Mara 0.3, ni wati 55. Nenda kwa fundi wa redio yeyote, muulize chuma chake cha kulehemu kina wati ngapi. Atakuambia 40, au 60. Chuma hicho kinayeyusha risasi. Wewe una kimoja kama hicho ndani ya plagi, hakina mpini, na kimegusa ukuta.

Ukitumia kaski peke yake, mkondo ni 4.5, na muungo uleule unatoa wati 6 tu. Mkondo umeshuka hadi theluthi, joto limeshuka hadi sehemu ya tisa. Kwa hiyo mpaka fundi afike, kaski peke yake, na ichomeke moja kwa moja ukutani. Seshwari ipumzike, yenyewe tu inavuta ampea 9.1.

Fundi akija, mwambie avute waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye sanduku la dijonkteri hadi prizi mbili, moja kwa kila mashine, na aweke dijonkteri ya ampea 16 kwa waya huo. Asikubali kurudisha plagi ya kahawia hata ukisafisha. Chemchemi zake zilishapoteza nguvu ya kubana. Kila skrubu aikaze, halafu avute waya kwa mkono aone kama unatoka. Nyuzi zote za shaba ziingie, asiache hata moja nje. Akimaliza, washa mashine zote mbili kwa dakika kumi, zima, chomoa, kisha shika vichwa vya plagi kwa vidole. Vikiwa na uvuguvugu wa kikombe kilichopoa, sawa. Vikikufanya uondoe mkono, mrudishe palepale kabla hujamlipa.